Gari Linalochagua Petroli

Mama mkwe wangu hakuwahi kulala kwangu mpaka mwaka jana. Kwao Mgeta, mama hajipeleki tu kwa mkwe wake wa kiume. Huombwa, husubiriwa, na akikubali lazima arudishwe kwa heshima ileile aliyochukuliwa nayo. Mimi na yeye tunaoneana haya. Hatushikani mikono, hatutazamani usoni, na akiwa na neno na mimi hulipitisha kwa mke wangu, hata nikiwa nimekaa palepale.

Alikaa nasi Morogoro wiki nzima. Siku ya kumrudisha nilikuwa na kazi moja tu: kumteremsha mlangoni kwake mbele ya majirani. Ni majirani haohao waliowahi kusema kwamba binti yake ameolewa na mtu wa mjini mwenye mdomo mrefu na mkono mfupi. Shemeji alipiga simu asubuhi kutuambia wanawake wanatusubiri kwa vigelegele.

Gari letu ni la mtumba kutoka Japani, dogo, lenye turbo. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani ambacho aliyeniuzia aliniambia ni pambo. Siku moja nilikielekezea simu ikanitafsiria: petroli ya oktani ya juu pekee. Nikasoma zaidi, nikaelewa kwamba oktani si nguvu, ni uvumilivu. Petroli ya oktani ya juu huvumilia kubanwa ndani ya injini bila kuwaka kabla ya wakati wake. Ya chini, kwenye injini kama yangu, haina subira hiyo, na injini huanza kugonga. Tangu hapo nikawa mtu wa pampu ya oktani ya juu, na kijiweni kwetu walinichoka kwa mahubiri yangu.

Basi tukasimama kituoni, mke wangu kando yangu, mama nyuma na khanga yake kichwani.

"Bosi, ya kawaida au ile ya juu?" aliuliza mhudumu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Huko nyuma mama akacheka kidogo. "Mwanangu," alimwambia mke wangu, "kumbe na gari nalo linachagua chakula?"

Hakuwa na ubaya. Lakini wiki nzima alikuwa amewaona wanangu wakisukuma sahani za ugali na mchicha, wakidai chipsi, na yeye kimya kimya akimalizia mabaki yao. Masikio yaliniwaka moto. Ningesema nini? Niseme ndiyo mama, hata gari la nyumba hii linadeka?

"Ya kawaida," nilisema. "Jaza."

Mke wangu alinitazama. Anaijua ile hotuba ya oktani kwa moyo. Lakini mbele ya mama yake asingenibishia.

Mpaka Mlali gari lilikwenda vizuri, nikaanza kujipongeza. Tulipoanza kupanda milima, nikasikia kokoto zikichezea kwenye mkebe, na mkebe wenyewe ni injini yangu. Nikapunguza gia. Kokoto zikaongezeka, nguvu ikapungua. Kwenye kona kali ya mwisho, gari likagoma kabisa na kuanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki huku jasho likinitoka.

"Tushuke," alisema mke wangu. "Likiwa jepesi litapanda."

Wakashuka, na vifurushi vya zawadi wakavishusha. Gari likajikongoja. Sikuthubutu kusimama pale mlimani, nikaendelea tu. Kwenye kioo nilimwona mama mkwe wangu akipanda mlima kwa miguu, mfuko wa mchele kichwani, nyuma ya gari la mkwe wake. Ilikuwa siku ya gulio. Kila aliyeshuka na karoti zake alinitazama mimi niliyekaa, kisha akamtazama yeye.

Nilifika peke yangu. Wanawake walikuwa wamepanga mstari, midomo tayari. Wakachungulia viti vya nyuma. Hapakuwa na mtu, na vigelegele vikafia midomoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama alipotokea, akihema, alitua mfuko wake na kuwakemea huku akicheka: "Mbona mnamwangalia hivyo mkwe wangu? Mimi ndiye niliyeomba kushuka. Miguu ilikufa ganzi kwa kukaa!"

Hapo ndipo walipopiga vigelegele. Nilisimama nikiinamia matairi, kana kwamba kuna kitu nakikagua. Bora angenitukana.

Mwaka huu tulimwomba tena, kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu. Nilishajaza ile ya juu, tangi zima, kabla hata hajajibu. Mke wangu aliweka simu kwa sauti tusikie wote.

"Mwambie mwenzio asihangaike," alisema mama kwa upole. "Nimeshaongea na watu wa fuso la mboga."

Tulimpokea sokoni, akishuka kati ya matenga ya kabichi. Nilimwamkia kwa mbali, akaitikia vizuri kabisa na kuniuliza habari za kazi kupitia kwa mke wangu. Nikafungua mlango wa nyuma wa gari na kusogea pembeni ili apite.

Akajifunga khanga vizuri, akamwambia binti yake kwamba nyumbani si mbali, atatembea.