Ijumaa Ile Mselem Alipokuwa Akiimba

Mselem Haroub hakuzaliwa Saudia, lakini ndevu zilimwotea huko. Wazazi wake walimtoa Unguja mwaka ule wa sitini na nne akiwa mtoto wa skuli, na akakulia ghorofa ya pili huko Aziziya, Jedda. Baba yake, Mzee Haroub, alikuwa mpiga udi. Alifunga madirisha kabla hajaushika, kwa sababu majirani hawakupenda muziki, na kwa sababu mwenyewe alikuwa akilia anapopiga. Mselem alijifunza nyuzi kwa kuvitazama vidole vya baba yake. Usoni hakuthubutu kumtazama.

Alipofika umri wa kuoa akamuoa Saleha, binti wa Kiunguja aliyekulia mtaa wa pili, mpole wa maneno lakini si mpole wa macho. Wakati huo mafuta yalikuwa yamepanda bei na nchi nzima imegeuka kiwanja cha ujenzi. Kazi zilikuwa Riyadh. Kafili wa Mselem, yaani mdhamini wake, akamtafutia nafasi kwenye kampuni ya Wahispania waliokuwa wakijenga barabara, naye akawa mtunza stoo huko Al-Sulay. Saleha alibaki Aziziya kwa wakwe zake. Mselem alirudi kila alipopata ruhusa, na katika kurudi huko wakapata mtoto wa kike, wakamwita Mwatima. Kuanzia hapo Saleha hakumwita tena mumewe kwa jina. Akawa Baba Mwatima.

Stoo ya Al-Sulay ilikuwa vumbi tupu. Ukila mkate unalisikia menoni. Humo ndani, saa ya chakula, fundi mitambo mmoja kutoka Bukoba aitwaye Gaudensi alikuwa na mazoea ya kupiga makopo ya rangi kwa vijiti. Alikuwa amepiga ngoma kwenye bendi ya misheni tangu utotoni na mikono yake haikujua kutulia. Siku moja Mselem akachukua gitaa bovu lililoachwa na mtu aliyehama, akalifunga nyuzi, akaanza kumfuata Gaudensi kwa mahadhi ya baba yake. Mlango ukafunguka. Mpima ardhi wa kampuni, Mhispania mrefu mwenye masharubu aitwaye Anselmo, akasimama pale na kofia mkononi. Aliondoka, akarudi na gitaa lake la umeme ndani ya sanduku lake.

Ndivyo ilivyoanza. Anselmo alikuwa ametoka mji wa milimani wenye migodi ya makaa ya mawe, na nyimbo alizokuwa nazo kichwani zilikuwa za roki, kwa Kihispania, nzito na za haraka. Alikuwa amezitunga peke yake kwa miaka na hakuwa na wa kupiga nao. Mselem akapewa gitaa la besi, Gaudensi akanunuliwa ngoma za kweli. Walifanya mazoezi katika bwalo la kambi ya kampuni, ndani ya ukuta, ambako wageni waliachwa na mambo yao. Wakajiita Los del Polvo, yaani Watu wa Vumbi.

Mselem aliimba sauti ya juu. Mwanzoni aliyakariri maneno kama mtoto wa chuoni anavyokariri, bila kujua maana, lakini Anselmo alikuwa mwalimu mwenye subira, na haukupita mwaka kabla hajakielewa Kihispania hata akawa anakiota. Wimbo uliowapa sifa ulihusu mtoto aliyesimama kwenye mdomo wa mgodi. Baba yake yuko chini ya ardhi, naye anamwita, panda baba, jua limetoka, panda. Sauti ya mtoto ilikuwa ya Mselem. Alipofika hapo watu walinyamaza, hata wale waliokuja kula tu.

Kanda zao zikaanza kutembea. Mmoja anamrekodia mwenzake, mwenzake anampelekea wa kambi nyingine. Wafilipino waliwapenda, Walebanoni wakawapenda, na wale watu wa Venezuela waliokuja kwa kazi ya mafuta wakawa wanawafuata kila mahali. Wakaalikwa kambi hadi kambi mjini Riyadh, kisha Jedda, majumbani mwa watu wa kigeni. Gaudensi alikuwa akicheka peke yake garini. "Mama yangu anajua nimekuja kutengeneza matingatinga," alisema. "Akisikia nashangiliwa na Wazungu atadhani nimekunywa."

Saleha hakuwahi kuwasikia. Mselem alipokuja nyumbani aliliacha gitaa Riyadh, kwa kumheshimu baba yake na kwa kutotaka maneno ya watu. Mwatima aliyekuwa ameanza kukimbia alimpanda mabegani na kumshika masikio kama usukani. Hapo ndipo Mselem alipoimba, lakini nyimbo za kitoto.

Mwaka wa sabini na nane akaja Riyadh mtu kutoka Barcelona mwenye kazi ya kutoa sahani za muziki. Alikuwa ameisikia kanda yao kwa jamaa yake. Akaomba awasikie wenyewe, na ikapangwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, katika bwalo la kambi. Anselmo kwa siku kadhaa hakula vizuri. Alikuwa na umri wa kukaribia arobaini na katika milango yote aliyokuwa ameibisha maishani, huu ndio wa kwanza kufunguka.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Anselmo kukaa ofisini. Simu ikalia. Alikuwa Abdalla, kaka yake Saleha, kutoka Jedda. Abdalla alisema kwa Kiarabu cha pole pole ili aeleweke: binti ya Mselem yuko hospitali, hali yake mbaya, mwambieni aje sasa hivi. Anselmo alielewa. Kiarabu chake kilikuwa kidogo, lakini neno hospitali na neno binti aliyajua. Alikata simu, akakaa. Ndege ya mchana ilikuwepo. Akajiambia watoto wote hupata homa na watoto wote hupona, kwamba saa chache haziui mtu, kwamba atamwambia mara tu wakimaliza. Hakumwambia.

Mselem hakuwahi kuimba kama alivyoimba alasiri ile. Hata Gaudensi, aliyemzoea, aliinua macho kutoka kwenye ngoma kumtazama. Alipofika kwenye sauti ya mtoto alifumba macho, akaita, panda baba, panda, na yule mtu wa Barcelona akavua miwani akajifuta. Watu walisimama kupiga makofi. Mselem alikuwa akitokwa jasho na akicheka, na baadaye maishani kicheko hicho ndicho alichoshindwa kujisamehe.

Anselmo alimvuta jikoni.

"Kuna simu imepigwa kutoka kwenu," alisema. "Mtoto ni mgonjwa. Nenda uwanja wa ndege, nimekuandalia gari."

"Imepigwa saa ngapi?"

Anselmo akamwonyesha mlango wa nje.

"Anselmo. Saa ngapi?"

"Asubuhi."

Gaudensi, aliyekuwa amewafuata na taulo shingoni, alisema polepole, "Asubuhi, Anselmo? Asubuhi hii?" Mselem alikuwa ameshatoka.

Alipofika Aziziya alikuta viatu vingi mlangoni, akajua. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemmaliza Mwatima kabla ya adhuhuri, na kwa kuwa maiti hacheleweshwi walikuwa wamemzika baada ya alasiri. Mzee Haroub ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mjukuu wake, mahali pa baba. Wanaume walimpa Mselem mkono mmoja mmoja. Kisha akaenda chumbani kwa Saleha. Wanawake wakawapisha.

Saleha alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza.

Angeweza kusema ndege ilichelewa, au kwamba hakuambiwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lakini macho yale hayakuruhusu.

"Nilikuwa naimba," alisema.

Saleha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Hakuuliza zaidi, siku ile wala nyingine. Na tangu hapo hakumwita Baba Mwatima, wala hakumwita kwa jina lolote. Akimhitaji alikuja akasimama mbele yake.

Mselem hakurudi Riyadh. Gaudensi alimpelekea nguo zake. Mtu wa Barcelona alituma salamu mara mbili, kisha akakata tamaa. Watu wa Vumbi wakawa wamekwisha. Anselmo alijaribu na mpiga besi mwingine, Mfilipino hodari, lakini siku ya kwanza tu ya mazoezi Gaudensi aliweka vijiti chini, akasema, "Halas, imekwisha," akaenda kulala.

Mselem alipata kazi ya stoo bandarini Jedda. Alikuwa akienda kazini, akirudi, akila. Mzee Haroub alipofariki alimwachia udi, naye akauweka juu ya kabati. Walipata mtoto mwingine, wa kiume, wakampa jina la babu yake. Nyumba ilianza tena kuwa na kelele, lakini kelele zilikuwa za mtoto. Wakubwa wawili waliishi humo kwa adabu, kama wageni waliolazwa chumba kimoja. Usingizini Mselem alisikia sauti ya kitoto ikimwita, na lugha yake ilikuwa Kihispania, na alipoamka hakuwa na mtu wa kumwambia jambo la ajabu kama hilo.

Mwaka wa themanini na mbili bei ya mafuta ilikuwa imeanza kuyumba na kampuni zilikuwa zikifunga kazi. Gaudensi alikuja Jedda mwenyewe, akamngoja nje ya lango la bandari. Alikuwa amenenepa na mvi zimemwingia.

"Nimemaliza mkataba, ndugu yangu," alisema. "Narudi Bukoba moja kwa moja. Kuna familia ya Wahispania hapa Al-Safa wananiaga Ijumaa. Nataka tupige. Sisi watatu."

"Usinitajie mtu huyo."

"Sikutajii. Nasema sisi watatu. Mimi ngoma yangu imekufa miaka minne, Mselem. Mimi nilikosa nini?"

Mselem alirudi nyumbani, akakaa, chakula kikapoa. Saleha akaja akasimama mbele yake.

"Una nini?"

Akamwambia yote, pamoja na ile simu ya asubuhi, ambayo hakuwahi kumweleza. Hakutaka ionekane anajitetea. Saleha alisikiliza mpaka mwisho huku akimtazama.

"Miaka yote hii," alisema, "mie nadhani uliambiwa ukakataa kuja."

"Uliamini hivyo?"

"Uliniambia ulikuwa ukiimba. Nikaamini ulivyoniambia." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Ijumaa nenda kwa rafiki yako. Na mie nakwenda."

Ile nyumba ya Al-Safa ilikuwa na ua wenye kuta ndefu. Saleha alikaa baraza ya nyuma pamoja na mama mwenye nyumba, mtoto akiwa amemlalia. Anselmo alikuwa tayari amefika. Masharubu yalikuwa yamekuwa meupe, naye alikuwa akifungua sanduku la gitaa. Alimwendea Mselem akiwa na maneno aliyojiandalia, ikaonekana, kwa muda mrefu.

"Nilidhani ni homa. Nilijiambia—"

"Najua ulivyojiambia," alisema Mselem. "Aliitwa Mwatima. Miaka yote hukuwahi kuniuliza jina lake."

"Mwatima," alisema Anselmo, akirudia vibaya.

"Sina msamaha leo, Anselmo. Labda utakuja, labda hautakuja. Leo nimekuja kwa Gaudensi. Piga."

Walipiga. Vidole vya Mselem vilikuwa vimelainika na vikauma, lakini vilijua njia. Gaudensi alipiga kama mtu anayevunja nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wageni waliokuwa wamewahi kuwa na kanda zao walikuja mbele, wengine wakiimba, na kwa nyimbo tatu ilikuwa kama zamani. Kisha mtu akaomba ule wa mgodi. Anselmo akatikisa kichwa kukataa. Mselem akaanza besi.

Alifika kwenye sauti ya mtoto, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Ngoma zikaendelea, zikazunguka, zikamngoja. Hazikumngoja bure kabisa, kwa sababu aliyaimba yale maneno, lakini chini, kwa sauti yake ya kiume iliyopasuka, akiwa na machozi mpaka kidevuni. Anselmo aliwageuzia watu mgongo. Wakamaliza hivyo. Hakuna aliyepiga makofi mpaka Gaudensi aliposimama na kumkumbatia, na hata hapo yalikuwa machache.

Jua lilikuwa bado juu waliporudi Aziziya. Mselem alizima gari chini ya nyumba yao lakini hawakushuka. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake.

"Ule wa mwisho unasema nini?" Saleha aliuliza.

Alimfasiria, mstari kwa mstari. Kisha Saleha, kwa mara ya kwanza, alianza kumsimulia siku ile: jinsi Mwatima alivyoamka na joto, jinsi Abdalla alivyombeba kwenye ngazi bila viatu, daktari Mmisri aliyekuwa akitokwa na machozi, kidole kimoja cha mama yake ambacho mtoto alikishika mpaka mkono ukalegea.

"Hakukuita," alisema. "Sikiliza. Hakumwita mtu. Alikuwa amelala, hana habari na maumivu. Usikae ukidhani alikuita."

Mselem hakujua kama ilikuwa kweli au Saleha alikuwa akimpunguzia uchungu. Haroub mdogo akaamka, akalia anataka kwenda haja, na Saleha akamkabidhi kwa baba yake kupitia juu ya usukani.

"Mchukue, Mselem," alisema, "mie miguu imekufa ganzi."

Wakapanda ngazi.