Feni Tatu na Sufuria ya Ndugu Yangu

Shule niliachia Form Two, lakini pale ziwani, kwa vizimba vya samaki nje ya Usenge, watu walikuwa wananiita Injinia. Hiyo jina nilijipea mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kulisha ngege, hao samaki wetu, na kufukuza ndege. Tajiri aliposimamisha feni tatu kubwa za upepo huko majini, za kuendesha pampu ya hewa, fundi alinionyesha mkono mwekundu wa chuma chini ya kila moja. "Hii ni breki." Nikasema nimeelewa. Tangu siku hiyo nikawa natundika hapo shati.

Asubuhi moja ndugu yangu alienda kutoa nyavu, mvua ikashuka nzito, huoni hata mkono wako. Alikuwa arudi saa mbili. Saa nne, hakuna. Simu imezimwa. Bibi yake amesimama ufuoni, ameloa chapachapa.

"Shem, ndugu yako ako wapi?"

"Atakuja. Yule anaweza kosa ugali?"

Hakucheka.

Boti ya uokoaji ikafika, ile iko na rada. Nikaruka ndani, si mimi ni Injinia? Nilidhani kwa kioo nitaona sura ya ndugu yangu kama kwa TV. Kumbe ni madoadoa tu. Halafu upande wa vizimba vyetu, vurugu, kama mtu amemwaga uji.

"Hiyo kama uji ni nini, Mzee?" nikauliza nahodha.

"Ni feni zenu, Bwana. Zikizunguka, rada inadhani ni maboti yanakimbia. Kama ndugu yako ako hapo katikati, simuoni. Na nikiingia ovyo na hii mvua, nitamgonga. Hazina breki?"

Wote wakaniangalia. Nikakumbuka shati.

Tukafuata kamba ya vizimba polepole, wakanishusha kwa feni ya kwanza. Nikavuta ule mkono, wapi! Kutu. Nikaning'inia na mwili wote, nikiomba Mungu wa Form Two na wa Form Four pamoja. Ikalia kama nguruwe, ikasimama. Ya pili. Ya tatu, viganja vyangu vinatoka damu.

Nahodha akapiga kelele, "Injinia! Uji imepungua! Kuna kitu huku nyuma ya feni!"

Tukaenda polepole, tukipiga honi. Ndugu yangu alikuwa ameketi kwa boti yake katikati ya magugu ya maji, yamefunga injini yake, na kichwani amejifunika sufuria kama mwavuli. Nahodha akasema boti ya mbao rada huiona kwa shida, labda ni hiyo sufuria iliyoonekana. Na mimi miaka yote nimekuwa nikimcheka: nani hupika ugali ndani ya boti?

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "mbona umechelewa? Ugali imeisha."

Nilikuwa na matusi tayari. Nikamkumbatia, sufuria ikanigonga meno.

Ufuoni shemeji alimchapa na leso, akanichapa na mimi, halafu akaketi kwa mchanga akalia na kucheka kwa pamoja.

Siku hizi nahodha akitoka kutafuta mtu hunipigia kwanza, na nafunga feni kabla hajamaliza kusema. Breki napaka grisi. Shati natundika kwa msumari. Na ndugu yangu bado anapika ugali majini. Unga namnunulia mimi.