Mkono wa Shangazi Ndani ya Tangi

Nyumba yetu ya Tunduma ilinuka bahari. Nje kulikuwa na vumbi na moshi wa malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia, lakini ukifungua mlango wa sebuleni ulipokewa na harufu ya chumvi na mawe yaliyolowa. Baba alikuwa dereva wa lori. Safari moja alirudi kutoka Dar es Salaam na tangi la kioo, madumu ya maji ya bahari, mawe ya matumbawe na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Aliliweka tangi kando ya meza ya chakula, akampa samaki chakula chake cha kopo, akatuonya kwa ukali tusiguse kitu, kisha akaondoka tena na lori lake. Majirani walikuja kutazama, wakatoka wakinong'ona. Mtu mwenye akili zake anafuga bahari ya nini?

Kisha wakaja konokono. Mwanzo walikuwa wachache, wadogo kama punje za ulezi, wameng'ang'ania jiwe moja. Baadaye walitapakaa kioo kizima, maji yakawa na ukungu, na samaki akawa anahema juujuu. Mama alishikilia kwamba kuna mtu anawatia. Nyumbani tulikuwa watatu tu: Mama, mimi, na Shangazi Atupele, dada yake Baba, aliyekuja kutoka milima ya Ileje baada ya kufiwa na mumewe. Shangazi ndiye aliyenisuka, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Asubuhi moja Mama alimkuta ameingiza mkono ndani ya tangi mpaka kwenye kiwiko.

"Wifi, unatia nini humo?"

"Sitii kitu, wifi. Natoa."

"Unatoa, mbona wanazidi?"

Shangazi alifungua kiganja amwonyeshe, lakini Mama alikuwa ameshageuka. Tangu siku hiyo Mama alipika mwenyewe na kufunga stoo kwa kufuli. Mimi nilimshuku Mama. Niliona anatafuta tu sababu ya kumwondoa Shangazi. Baba aliporudi, maneno ya Mama yalimtosha. "Dada, nenda nyumbani kwanza, mambo yatulie," alisema, huku akitazama pembeni. Shangazi alikunja kanga zake, akaondoka. Nililia hadi sauti ikanikauka, na hakuna aliyenibembeleza.

Konokono hawakupungua. Walizidi. Mchana mmoja, kabla ya kutia tonge la kwanza kinywani, Baba alimega ugali kidogo akaudondosha ndani ya tangi.

"Baba Neema, unafanya nini?" Mama aliuliza.

"Namkaribisha. Nitakulaje mbele yake hivihivi?"

Mama alifungua mkono. Katika vidole vyake kulikuwa na kipande cha dagaa kilichokuwa njiani kwenda kulekule, na mimi nilishika tonge langu dogo chini ya meza. Kwetu kula mbele ya mtu bila kumkaribisha ni aibu, na samaki yule tulikula mbele yake kila siku. Kwa kuogopa onyo la Baba, kila mmoja alimlisha samaki kwa siri, mwenzake anapogeuka. Baba alichota mchanga wa chini kwa upawa, ukatoka na ugali uliooza, konokono wamejazana juu yake. Mama alikwenda kwenye banda la kuku, akarudi na maganda madogo ya konokono yaliyojaa kiganja. Shangazi alikuwa akiwatoa na kuwapa kuku.

Baba alimfuata Ileje, Mama akaomba radhi kwa machozi, Shangazi akasema yamekwisha. Leo tangi lile linahifadhi maharage, na mimi nina nyumba yangu Vwawa, ambako sifungi stoo. Shangazi huja kunitembelea, mara nyingine Mama naye akiwapo. Kila akitoka jikoni, kabla hajaketi, hufungua viganja vyake vyote viwili na kutuonyesha kwamba havina kitu. Nimemwambia, "Shangazi, hapa ni kwako." Hucheka, husema, "Najua, mwanangu," na viganja bado viko wazi.