Nimefukuza mugeni na neno moja

Leo nimefukuza mugeni wangu, na mi mwenyewe ndiye nilikuwa namungojea.

Tangu AVC, ule ugonjwa wa kiharusi, inipige, maneno inageuka mu kinywa. Nataka chumvi, naomba sabuni. Marehemu bibi yangu, mama ya batoto, angecheka. Batoto beko Lubumbashi.

Asubuhi nasikia: "Odi."

Ni Tata Mukendi. Tulitumika naye mu mine ya shaba ya Mashamba mpaka tukastaafu, tukaingia pansion. Ni mara ya kwanza anakuja tangu nitoke ku hospitali.

Ku barza kuko kiti ya mugeni. Kila siku naipanguza vumbi.

Nikamuonyesha ile kiti na mukono wa kushoto, wenye ungali na nguvu. Nikasema: "Enda, Tata. Enda."

Nilitaka kusema "ikala", akae ku kiti.

Akavua kofia. "Aksanti, Tata. Pumzika, sitakusumbua."

Nikamuita, nguvu yote: "Enda! Enda!"

Akaongeza mwendo.

Mwenye anakaa karibu naye, mumuambie arudi kwangu. Mumuelezee, maana mi nitaharibu tena.

Tangu aende niko naambia kiti: ikala, ikala, ikala.

Sasa inatoka muzuri kabisa.