Siku Niliyokataa Kuwapa Maprofesa Mgongo

Aibu hii nilitaka kufa nayo, lakini kwa kuwa Otieno (Mkenya tunayefanya naye kazi maabara moja) ameshaisimulia kwa kila anayejua Kiswahili hapa Guangzhou, na kila akisimulia anaongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe. Ndiyo, ni mimi. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Asubuhi hiyo nilikuwa na tathmini ya masomo yangu ya udaktari, yaani unasimama mbele ya maprofesa watano, unaeleza utafiti wako, nao wanaamua uendelee au ufungashe virago, maana ufadhili nao unategemea hapohapo. Utafiti wangu ni wa ugonjwa wa majani ya muhogo. Muhogo haunipi shida, shida yangu ni watu. Mtu akinitazama sana hata jina langu nalisahau. Sasa siku hiyohiyo mke wangu Mwanaidi alikuwa anafunga kontena la nguo kule Sanyuanli, na jirani anayetushikia mtoto wetu Salum, wa miezi minane, akapiga simu kwamba yeye mwenyewe ana homa, hawezi kumshika.

"Baba Salum, leo mzigo usipoingia, wateja wa Dar watanila nyama," akasema Mwanaidi huku anavaa viatu. "Wewe unaenda kuongea tu. Mbebe, atalala."

Nikambeba mgongoni kwa kanga, na kweli, kabla hatujafika chuoni alikuwa amelala. Hapo ningesema tu, "Samahani, nimekuja na mtoto," yakaisha. Lakini profesa wangu anayenisimamia, mmoja wa hao watano, aliwahi kusema mbele yetu sote kwamba mtafiti mwenye mtoto mchanga ni nusu mtafiti, basi nikaona haya, nikavaa juu lile koti langu kubwa (ilikuwa Januari, na madarasa ya huku wakati wa baridi ni kama friji), nikaacha upenyo shingoni apate hewa, nikajiambia nitawatazama wao tu, hakuna atakayeuona mgongo.

Otieno, aliyekuja kunisikiliza, akanikuta mlangoni. "Buda, umebeba nini huko nyuma? Umekuwa ngamia?"

"Nyamaza, ni Salum."

"Wacha! Na wakikuambia uonyeshe kitu ubaoni?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nikaingia kwa kutembea ubavuubavu kama kaa, nikaanza, na mwanzo ulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye grafu. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaniomba nionyeshe mahali mstari unapopinda. Nikarudi kinyumenyume hadi ubaoni, nikapitisha mkono juu ya bega, nikaonyesha bila kutazama.

"Hapo ni ukutani," akasema. Nikasogeza. "Hapo ni swichi ya taa. Tafadhali geuka."

"Siwezi. Mgongo unauma."

Wakaniletea kiti. Sasa nitakaaje, nimkalie mtoto? Nikakikataa na kiti.

"Mgongo unauma, na kukaa hutaki?" akauliza mwenyekiti.

Ndipo Salum akajamba. Na si kidogo, jamani. Chumba kizima kikanitazama, na mimi, badala ya kusema ukweli, nikasema, "Samahani." Nikaubeba na ushuzi huo! Harufu ikafuata, mmoja akaenda kufungua dirisha, profesa wangu akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Halafu nikasikia mzigo wangu unajinyoosha, mkono mdogo ukachomoza kwenye kola, ukanishika sikio, na kilio kikaanza.

Profesa wangu akasimama. "Hapa ni chuo, si mahali pa kulelea watoto. Mama yake yuko wapi?"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nikavua koti mbele yao. "Mama yake yuko kazini. Mimi pia niko kazini. Mkitaka niondoke nitaondoka, lakini mkitaka kujua kwa nini majani yale yanakauka, basi mnisubiri nimbadilishe nepi."

Otieno akapiga makofi mara moja kule nyuma, akaona yuko peke yake, akaacha. Mwenyekiti akatazama saa. "Tunakusubiri," akasema.

Nikambadilisha chooni juu ya lile koti, nikamfunga tena mgongoni, nikarudi, nikawapa mgongo wote watano na kuionyesha grafu kwa kidole, na maswali yao yote niliyajibu huku narukaruka ili mtoto asilie. Walinipitisha. (Mmoja aliandika kwenye maoni kwamba mwasilishaji ajifunze kutulia.) Profesa wangu mpaka leo ananisalimia kwa kidevu, na mimi namwitikia kwa kidevu.

Kwa hiyo sirudii tena, na msinielewe vibaya. Kumbeba nitambeba, hata kesho, hata mbele ya mkuu wa chuo. Nisichorudia ni kumficha. Maana nikifikiria vizuri, nilikuwa radhi watu wazima wote wale waamini nimejamba mbele yao, kuliko wajue kwamba mimi ni baba.