Jini Lililokuwa Linazima AC

Kila akizaliwa mtoto njiti hospitalini kwetu, AC ya chumba cha watoto ilikuwa inakufa.

Mtoto akishahudumiwa, inafufuka yenyewe. Fundi aliifungua mpaka akaikinai. Wafagizi wakaanza kunong'ona kwamba chumba kina jini.

Jini lenyewe nilikuwa mimi.

Mimi ni nesi. Njiti nimewalea miaka mingi, na hakuna kinachonikera kama baridi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta mwilini, hata kutetemeka hajui. Anapoa kimya kimya, huku watu wazima wamemzunguka.

Tunamvika kofia, tunamtia kwenye mfuko wa plastiki hadi shingoni, tunamlaza chini ya hita. Halafu dokta anataka kumwekea mpira wa dawa kwenye kitovu. Mfuko unakatwa. Dokta anainama, kichwa chake kinakinga joto lote la hita. Na AC iko juu yao, inapuliza.

"Dokta, naomba tuzime AC."

"Sista, jasho langu likidondoka kwenye kitovu utanijibu nini?"

Hapo hakukosea. Nikaomba AC ihamishiwe ukuta wa pili. Wakubwa wakasema wamenisikia. Nikaomba tena, wakasema nina gubu.

Nikaona isiwe tabu. Swichi iko koridoni. Nikawa natoka kama naenda kuchukua pamba, nazima, narudi na uso wa mtu asiyejua lolote. Jasho la dokta nalifuta mwenyewe.

Fundi akaitwa, akaitwa, mpaka akachoka. Siku moja nikakuta swichi ameijengea kisanduku cha chuma, na kufuli juu yake.

"Hapo hata jini lenye digrii haligusi," akaniambia, anajipiga kifua.

Nilienda stoo nikalia kwa hasira.

Wiki ile ile, mchana kweupe, akaletwa mama mwenye mimba ya miezi saba, uchungu umeshakolea. Akajifungua mtoto wa kike, mdogo wa kuenea viganjani mwangu, analia kama kitoto cha paka.

Mpira ukagoma kuingia. Dokta akajaribu tena. Kipimajoto kikawa kinashuka. Nikamgusa nyayo, za baridi.

"Dokta, huyu anapoa."

"Naona. Nikiutoa sasa tunaanza upya. Sista, kazime hiyo AC."

Miezi yote ile nilikuwa nasubiri aseme hivyo. Anakuja kusema siku yenye kufuli.

Nikamwachia mkunga, nikatoka mbio naulizia fundi yuko wapi.

"Niko hapa, Sista."

Alikuwa kwenye benchi la akina baba, kavaa shati la kutokea, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

"Lete ufunguo."

"Sina, uko kwenye nguo za kazi. Leo nimemleta mke wangu, amejifungua kabla ya siku zake. Wamenikataza kuingia. Mwanangu mzima?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikalimeza.

"Mwanao anapigwa na baridi ya AC yako. Vunja."

Aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akaanza kulipiga kufuli lake. Likagoma. Alikuwa amenunua zuri, masikini. Akapiga huku machozi yanamtoka, mpaka kisanduku kizima kikabanduka ukutani. Nikazima.

Ndani nikamkuta dokta anachuruzika. Nikamfuta uso. Mpira ukaingia. Tukamfunika mtoto upya, na taratibu joto likarudi nyayoni.

Jioni baba yake akaruhusiwa kumgusa. Akaingiza kidole, kikashikwa.

"Sista," akasema bila kunitazama, "kumbe lile jini ni wewe."

"Ni mimi."

"Ungeniambia," akasema.

"Niliwaambia wote. Wewe ulikuwa juu ya ngazi, unatengeneza."

Mnadhani AC ilihamishwa? Thubutu. Wakubwa walikasirika kwamba mali imeharibiwa, wakaagiza kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Fundi akalifunga mbele yao, wakampa mkono.

Binti yake sasa anatambaa. Na akizaliwa njiti, AC bado inakufa.

Safari hii siyo mimi, naapa. Ufunguo sina. Wakimpigia fundi simu, anajibu yuko njiani. Yuko pale pale kwenye benchi la akina baba, ufunguo mfukoni, anasubiri nimpungie kwamba mtoto ameshafunikwa, ndipo aiwashe.

Nimechoka, ndugu zangu. Mtoto wa watu kupata joto isiwe mpaka tuibe. Wewe unayefunga makufuli huko uliko, uliza kwanza nani amelala ndani. Usisubiri awe wako.