Kaka Alivyoipiga Tupa Fremu Yangu

Kaka yangu ananizidi miaka mitatu, na ni yeye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye njia ya migombani, nyuma ya nyumba yetu kule Olmotonyi. Nilipohamia Sombetini na kufungua saluni, nilinunua fremu kuukuu ya BMX mitumbani, nikaijenga polepole, mwezi huu usukani, mwezi mwingine tairi. Wateja walinicheka, mwanamke mzima na kibaiskeli cha watoto. Niliwaacha wacheke.

Mwaka juzi nilikwenda Dar kwa mafunzo ya nywele, nikamwachia kaka baiskeli. Niliporudi alinikabidhi ikiwa imeoshwa inang'aa. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nateremka kutoka kwa mama. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu niwapite ng'ombe waliokuwa wanavuka, gurudumu la nyuma likahama kwenye nafasi yake, cheni ikaanguka, nami nikatua kwa bega. Mtulinga ulivunjika.

Niliuguzwa kwa mama, mkono umefungwa shingoni. Kaka alisimama mlangoni akamwambia mama, mimi nikisikia, "Hakukaza nati. Spana si kitana."

Mama akacheka. Mimi nikaamini, nikajilaumu muda wote niliokuwa nimelala pale.

Nilipopona niliitoa baiskeli stoo. Pale ekseli ya nyuma, ule mhimili wa gurudumu, inapokaa kwenye fremu, rangi ilikuwa imetoka na chuma kina michirizi ya tupa. Ekseli za nyuma za BMX ziko za aina mbili, nyembamba ya milimita kumi na nene ya kumi na nne. Fremu yangu ilitengenezewa nyembamba. Kaka alikuwa na gurudumu la ekseli nene. Kumbe alitaka kulijaribu kwenye fremu yangu, likagoma, akapiga tupa mpaka likaingia. Kisha akanirudishia gurudumu langu mle ndani, ekseli inacheza, akaosha baiskeli, akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Niliuza gurudumu langu la ekseli nyembamba, nikanunua la ekseli nene, maana fremu sasa ililikubali. Nikasubiri siku atakayonihitaji.

Siku hiyo ilifika. Vijana walikuwa wameandaa mashindano ya kuruka kwa baiskeli kwenye uwanja mmoja wa Terrat, na wote wawili tulijiandikisha. Siku moja kabla, kaka alikuja saluni na baiskeli yake, na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na sproketi mpya nyekundu, ile gia ya mbele inayovuta cheni.

"Mdogo wangu, hebu niangalizie. Nikiifunga inacheza."

Nilipima. Tundu la katikati lilikuwa milimita ishirini na nne. Ekseli ya pedeli zake ilikuwa kumi na tisa.

"Ulipima kabla ya kununua?"

"Muuzaji alisema inaingia."

"Kuingia inaingia. Hata kiatu cha baba kilikuwa kinatuingia." Nilimrudishia. "Inataka bushi, kipete cha chuma cha kujaza hiyo nafasi."

"Unacho?"

"Ninacho. Kiko kwenye droo hii, chini ya vibanio."

Akanyoosha mkono. Sikufungua droo.

"Kwanza mpigie mama. Mwambie ni nani aliyepiga tupa fremu yangu."

Mteja niliyekuwa namsuka aliacha kuchezea simu. Kaka alitazama chini.

"Kumbe ulijua?"

"Tangu nilipopona."

"Hayo yameshapita."

"Bega bado linaniuma asubuhi. Mpigie."

Alirudisha sproketi kwenye mfuko. "Nitajaza na bati."

"Jaza. Ila nakuambia mapema, cheni itaanguka."

Kesho yake niliwahi uwanjani, nikajipatia nafasi ya mbele kabisa. Kaka alianza kwa mbwembwe, na kabla hajafika kwenye tuta la kwanza cheni ikalegea, ikakazika, ikadondoka. Pedeli zikazunguka bure. Alisimama katikati ya vumbi huku watu wakimzomea. Mimi sikuzomea. Nilitaka kuuona uso wake vizuri, nikauona, na ilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea. Zamu yangu ilipofika niliruka, si juu sana, nikatua salama, gurudumu la nyuma likiwa limetulia mahali pake.

Jumapili, baada ya ibada, tulikula ndizi kwa mama. Akauliza kwa nini hatusemeshani.

"Baiskeli tu, mama," kaka akasema.

"Mwambie yote," nikasema.

Aliinuka kunawa mikono, akatoka, hakurudi mezani. Ndipo mimi nikamweleza mama kila kitu. Alianza kukusanya sahani.

"Msamehe. Ni kaka yako."

"Akiomba, nitafikiria."

Mpaka leo hajaomba. Tukikutana kanisani tunapeana mikono, tunaulizana habari za nyumbani, basi. Mama anasema nina moyo mgumu. Simbishii.